Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, TAMISEMI, TET na TCRA: tupeni waraka wa blogu za darasa

Waheshimiwa viongozi wetu wa Wizara, wa TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) na wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), shikamooni, na poleni na majukumu.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili kwenye sekondari moja ya kata huku mkoani Singida. Naandika wazi badala ya kupitisha barua ngazi kwa ngazi kwa sababu hili jambo sio la shule yangu peke yake, nikikutana na walimu wenzangu kwenye semina au kwenye usahihishaji stori ni ile ile, na ningependa na wao walisome hapa waongeze ya kwao.

Ombi langu ni moja: waraka. Hata wa kurasa mbili, unaosema kwamba mwalimu anaruhusiwa kutumia milisho ya mtandao, ile wengine wanaita fidi au RSS, pamoja na blogu ya darasa kama zana za kufundishia, kwa masharti haya na haya, na kwamba mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akizikuta kwenye andalio la somo azihesabu kama anavyohesabu ramani au chati ya ukutani.

Siombi kompyuta. Najua barua nyingi za walimu zinazowafikia ni za kuomba kompyuta na umeme na madarasa, na hayo mahitaji ni ya kweli kabisa, wala sitaki mtu anisome vibaya hapo. Lakini kwa hili ninaloliongelea kifaa kimeshatufikia. Vile vishikwambi (tableti) vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 tuligawiwa walimu, na kwenye shule nyingi ninazozijua kazi yake imebaki kufungulia vitabu vya PDF vya TET na kujazia takwimu zinazotakiwa wilayani, basi. Kifaa kinashika mtandao, kina kamera, kina kibodi, alafu saa ya kipindi kipo kabatini kimefungiwa. Ukimuuliza mwalimu kwa nini haingii nacho darasani atakwambia hajui kama anaruhusiwa.

Naomba nieleze mlisho ni nini maana hata wenzangu wengi nikitaja RSS wananiangalia tu. Tovuti nyingi za habari, na blogu karibu zote, zina faili dogo ambalo msomaji wa kawaida halioni, ndani yake kuna kichwa cha kila habari mpya, tarehe na saa iliyotoka, muhtasari wa mistari michache na linki ya kwenda kuisoma yote. Mwalimu anaweka programu ya kusomea milisho kwenye simu au kishikwambi, zipo za bure nyingi tu, anaipa anwani za tovuti anazozitaka, na kuanzia hapo programu yenyewe inapita kuangalia kilichotoka na kumkusanyia sehemu moja, kama muuza magazeti anayekuletea mlangoni yale uliyoagiza tu. Hakuna matangazo ya kubeti, hakuna video inayojifungua yenyewe ikala bando, ni maandishi, na maandishi yanakula bando kidogo sana. Programu nyingi zinakuwekea habari hata mtandao ukikata, kwa hiyo mi nashusha asubuhi nikiwa nyumbani ambako mtandao unashika, nikifika darasani ambako mtandao ni wa kubahatisha nafungua na kusoma kama kawaida.

Na hii teknolojia sio ya jana. RSS ilianza 1999, na hizi podikasti ambazo vijana wanazisikiliza sa hivi zinasafiri kwa njia hiyo hiyo. Google walikuwa na programu yao ya kusomea milisho, Google Reader, wakaifunga Julai 1, 2013, watu wengi wakadhani milisho ndo imekufa. Haijafa kwa sababu haikuwa mali ya Google wala ya kampuni yoyote, ni mpangilio ulio wazi, programu moja ikifungwa unachukua orodha yako ya anwani kama faili moja, linaitwa OPML, unaipeleka kwenye programu nyingine unaendelea na kazi. Waheshimiwa hapa naomba mpaangalie kwa makini, maana tumeshaona miradi ya elimu ya kidijitali inayokuja na programu ya mfadhili, mfadhili akiondoka na programu inaondoka. Mlisho hauna mfadhili wa kuondoka nao.

Sasa nije darasani. Kwenye ufupisho kitabu kina habari zile zile kila mwaka, wadogo wanarithi madaftari ya kaka na dada zao na majibu yapo humo, ukitoa zoezi unasahihisha kazi ya mtu aliyemaliza shule. Nikitumia mlisho nachukua tukio moja lililoripotiwa siku ile ile na BBC Swahili na DW Kiswahili, naandika ubaoni vichwa viwili vya habari na muhtasari wa kila upande, alafu nawauliza: huyu kaanza na nini na yule kaanza na nini, nani kanukuliwa huku ambaye kule hayupo, idadi wanayotaja inalingana? Ndo waandike ufupisho wa kwao kwa maneno yasiyozidi 60. Hakuna daftari la kaka lenye jibu la habari iliyotoka leo asubuhi.

Kuna kitu kingine nilikuja kukiona ambacho hata sikukiweka kwenye malengo ya somo. Hawa watoto wanatoka kwenye nyumba ambazo habari zinaingia kwa WhatsApp, ujumbe umesambazwa na watu wengi haujulikani umeanzia wapi, hauna tarehe, hauna mwandishi, unasema tu sambaza kwa wengine. Wakishazoea kuona habari yenye tarehe, saa, jina la chombo na linki ya kurudi kwenye chanzo, wanaanza wenyewe kuulizia hivyo vitu. Mzazi mmoja alikuja kwenye kikao akaniambia mwanawe kamkatalia habari ya dawa fulani ya kienyeji ya kisukari iliyokuwa inazunguka kwenye grupu la ukoo, kamuuliza baba hii imeandikwa na nani na lini. Mzazi alifurahi sana. Kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko hata ufupisho.

Mwenzangu wa Jiografia yeye anatumia mlisho wa matetemeko ya ardhi wa taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, wanatoa orodha ya matetemeko ya dunia nzima, mahali, ukubwa, kina, na inasasishwa muda wote. Alichora ramani ya Afrika Mashariki kwenye karatasi ya manila, kila wiki kikundi kimoja kinasomewa orodha na kuweka nukta penye tetemeko la ukanda wetu. Muhula ulivyosogea ile michirizi ya nukta ikaanza kufuata Bonde la Ufa, upande wa Ziwa Tanganyika na upande huu wetu wa kati. Alipowafundisha tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lile la ukubwa wa 5.9, walikuwa tayari wana ramani waliyoitengeneza kwa mikono yao na hakuhitaji kuwashawishi kwamba ardhi yetu inatembea. Somo lile lilitumia kishikwambi kimoja, manila moja na kalamu nyekundu.

Blogu ndo penyewe hasa, na ndo penye hofu.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni na mi siombi sheria hiyo iguswe. Blogu yetu inaanzia kwenye karatasi. Ukuta wa nyuma wa darasa tumebandika manila, kila wiki kikundi kinaweka posti zao kwa mkono, kichwa cha habari, tarehe, mwandishi kwa jina la kalamu, na wengine wanabandika komenti kwenye vikaratasi kwa gundi ya unga wa ngano. Sheria ya komenti ni moja, uulize au uongeze, ukiandika hongera peke yake kikaratasi kinabanduliwa. Posti ikishapita hapo, ikahaririwa na mwandishi mwenyewe, darasa linachagua zinazostahili kwenda mtandaoni, nazichapa mimi kwa kishikwambi kwenye Blogger, huduma ya mtandaoni ya kuandikia blogu, ambayo ni bure na inatengeneza mlisho wake yenyewe bila mwalimu kugusa kitu. Darasa lina watoto zaidi ya 70 na wote wanaandika.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliandika kuhusu kisima cha pampu ya mkono cha kijijini kwao, mistari mitatu, kwamba kilichimbwa zamani na wazungu na sasa kimeharibika watu wanapata shida. Ndo insha tunazozisoma kila siku hizo. Mwenzake akambandikia kikaratasi: zamani lini, na nani kakuambia? Jumatatu akarudi na mwaka kilipochimbwa, alimfuata mzee aliyekuwa kwenye kamati ya maji wakati ule, na mzee akamweleza kwamba hela ya spea ilikuwa inachangwa kaya kwa kaya, kaya za bondeni zilikuwa na maji yao ya mtoni zikagoma kuchangia, za huku juu zikasema kama wale hawatoi na sisi hatutoi, pampu ikakaa hivyo hivyo mpaka ikaota kutu. Mistari mitatu ikawa kurasa mbili za daftari, ikiwa na maneno ya mzee ndani ya alama za kunukuu zimewekwa zinapotakiwa, kitu ambacho nilikuwa nakifundisha ubaoni hakishiki. Tulivyoiweka kwenye blogu mtu aliyewahi kusoma hapo shuleni, sa hivi yuko Mwanza anafanya kazi za mabomba, akaandika komenti ndefu akieleza kinachochakaa mara nyingi kwenye pampu zile ni washa za ndani na namna ya kujua mapema kwamba zimeisha. Niliinakili ubaoni. Darasa zima likaandika kimya, na yule binti akataka aongeze hiyo sehemu kwenye posti yake na kumtaja aliyemweleza.

Hicho ndo ninachoking'ang'ania waheshimiwa. Mtaala ulioboreshwa ambao umeanza kutumika kwa awamu tangu 2024 unazungumzia umahiri, ubunifu, mawasiliano, matumizi ya TEHAMA, na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 inasema hivyo hivyo, tumeambiwa kwenye kila semina. Mwanafunzi aliyeulizwa nani kakuambia, akatembea kwenda kuuliza, akarudi kuandika upya kwa ajili ya watu asiowajua, huyo ameuonesha huo umahiri na ushahidi upo umeandikwa una tarehe. Sijui njia nyingine ya bei ndogo hivi ya kuupata.

Alafu hii nchi ina historia yake kwenye jambo hili na inauma kuona watoto hawaijui. Wakubwa mnakumbuka katikati ya miaka ya 2000, Ndesanjo Macha alikuwa anaandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili na kuwahimiza Watanzania wengine wafungue za kwao, Muhidin Issa Michuzi akaanza yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, baada ya hapo zikafuata nyingi, za picha, za siasa, za afya, za mashairi, watu wanaandika kila siku kwa lugha yao na wanajibiwa na Watanzania walioko kila kona ya dunia. Kiswahili cha mtandaoni kilijengwa na watu wa namna hiyo bila kulipwa. Leo ukimwambia mwanafunzi aandike jambo lenye aya tano hadharani anashangaa, anachokijua ni video ya sekunde 30 na komenti ya neno moja.

Hofu imetoka wapi? Nitasema kama ilivyo. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kusajiliwa na kulipa ada, kwa mwaka wa kwanza jumla ilikuwa inapita shilingi milioni 2, blogu nyingi zikafungwa kipindi kile. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikafanyiwa marekebisho tena 2022, lakini mwalimu wa kawaida huku kwenye kata hasomi Gazeti la Serikali, kichwani mwake imebaki ile milioni 2 na neno jela. Ukiongeza Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ambayo anaisikia tu kwenye redio pale mtu anapokamatwa, mkuu wa shule mwenye busara anaona bora asiruhusu. Mi mwenyewe niliwahi kuambiwa na kiongozi mmoja niifunge blogu ya darasa mpaka nilete kibali, nikauliza kibali kinatoka ofisi gani, hakujua, niliowauliza baada ya hapo na wao hawakujua. Simlaumu, alikuwa hana karatasi ya kusimamia. Tulirudi kwenye manila peke yake kwa muhula mzima na watoto walikuwa wananiuliza kila wiki lini tutaposti.

Kwa hiyo TCRA, tunawaomba sana mtuandikie kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja unatosha, kwamba blogu ya darasa isiyo ya biashara, iliyo chini ya shule, ina hadhi gani kisheria. Kama haihitaji leseni semeni haihitaji. Kama inahitaji kuandikishwa mahali, basi iandikishwe bure na mkuu wa shule kwa fomu moja.

Usalama wa watoto siuchukulii kirahisi na ndo maana nataka masharti yawepo kwenye waraka wenyewe badala ya kila mwalimu kujitungia ya kwake. Mwanafunzi asitajwe kwa jina kamili, wala picha ya sura yake isiwekwe, wala kijiji na njia anayopita kwenda nyumbani. Komenti zote zipitiwe na mwalimu kabla hazijaonekana, Blogger inaruhusu hivyo. Nywila wawe nayo walimu wawili na mkuu wa shule ajue, asiwe mtu mmoja. Mzazi aelezwe kwenye kikao na akubali kwa sahihi, na akikataa mtoto wake aandike kwenye manila asome na wenzake bila kunyanyapaliwa. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi na tume yake ipo, waiteni wakae na nyinyi kwenye kuandika hicho kipengele, wao wanajua zaidi. Na blogu iwe ya shule, sio ya mwalimu, maana mwalimu akipata uhamisho leo anaondoka na nywila yake na kazi ya watoto ya miaka yote inapotea.

TET, nyinyi ndo mnaotunga vitabu na mna maktaba mtandao, ombi letu kwenu ni orodha. Milisho iliyopitiwa na wakuza mitaala, kwa kila somo, iwekwe kwenye faili moja la OPML ambalo mwalimu wa Kigoma au Mtwara analipakua na kulifungua, tayari ana vyanzo vya kuaminika vya somo lake. Na matoleo mapya ya kwenu pia yawe na mlisho, kitabu kikitoka au kikirekebishwa tujue siku hiyo hiyo badala ya kusikia kwenye grupu la WhatsApp nusu mwaka baadaye.

TAMISEMI, bando. Walimu tunatumia la mfukoni. Sisemi kwa kulalamika, kwa milisho ya maandishi hela yenyewe ni ndogo, ila ingeingizwa kwenye matumizi halali ya ruzuku ya shule kwa jina lake, mkuu wa shule asiogope kuhojiwa na mkaguzi wa hesabu. Mafunzo hayahitaji hoteli wala posho, tuna vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, pale pale shuleni, kipindi kimoja cha kuweka programu na kuongeza anwani kinatosha kwa milisho, vya blogu labda viwili vitatu. Kwenye shule isiyo na mtandao kabisa manila na vikaratasi vinafanya kazi, naomba waraka uwatambue na walimu wa huko wasionekane wamebaki nyuma.

Nimesikia hoja kwamba haya mambo yasubiri mpaka shule zote ziwe na maabara za kompyuta. Watoto walioko kidato cha pili mwaka huu hawatakuwepo shuleni siku hiyo. Nimesikia pia kwamba mtihani wa taifa hauulizi blogu, ni kweli, unauliza ufupisho, insha, barua, ufahamu, na hivyo ndo vitu wanavyovifanya kila wiki kwenye ule ukuta wa nyuma. Tathmini endelevu ingeweza kabisa kupokea posti iliyohaririwa kama kazi ya mwanafunzi, hilo naomba Wizara iliangalie na Baraza la Mitihani.

Maazimio ya kazi ya mwaka mpya tunayaandika Desemba ili Januari tuanze nayo, waraka ukitoka kabla ya hapo walimu wataingiza hizi zana kwenye mpango tangu wiki ya kwanza. Wakuza mitaala au maofisa wa TCRA wakitaka kuona zoezi linavyokwenda kabla hawajaandika chochote, milango iko wazi, vipindi vyangu vya kidato cha pili ni Jumanne na Alhamisi asubuhi. Madaftari, manila za muhula uliopita na vikaratasi vyake vyote nimevitunza.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata, Singida